Nyumba Nje ya Uzi

Simu ya Ofisi ya Picha ilikaa pale mezani kwa sababu sheria ilitaka ikae. Hakuna aliyeipiga. Watu wa Ihanzo wakihitaji kitu walikiandika kwenye kioo cha mlangoni, na mitambo iitwayo fuko ikakileta. Sasa nani ahangaike kumtafuta fundi picha? Kwa hiyo asubuhi ile ilipolia, Ezelina Chaula aliruka kitini, chai ikammwagikia kwenye glavu.

"Ofisi ya Picha," alisema. Sauti ilimtoka na mikwaruzo. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu juzi.

"Ndaga, mwanangu. Shikamoo sikudai, najua uko kazini."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naitwa Mwaipaja, nakaa ng'ambo ya mto, Kilima cha Mashariki. Fuko wenu amekula jiko langu."

"Amekula?"

"Amelikata. Ukuta wote wa upande wa kuni. Amekata vizuri, sikatai, umenyooka kama mkate wa dukani. Lakini ni jiko langu, na mke wangu anapika humo."

Ezelina alisogeza kikombe pembeni na kuivuta Picha. Ilikuwa meza nzima ya kioo, pana kama kitanda, na mji wa Ihanzo ulilala humo ukionekana kutoka juu: mapaa, njia, madaraja, mabustani. Ukingo wa juu ulikuwa na rula, ukingo wa kushoto ulikuwa na rula. Ukiweka kidole juu ya rula na kuvuta, unatoka mstari mwembamba wa bluu unaokwenda kutoka mwisho mmoja wa mji hadi mwingine. Ofisini waliiita mistari hiyo nyuzi, kwa kuwa mwashi naye hufunga uzi kabla hajapanga tofali la kwanza. Kila nyumba ya Ihanzo ilikaa katikati ya nyuzi zake nne, na ilikaa sawasawa, maana nyuzi zilikuwa na sumaku: isogeze nyumba karibu na uzi, yenyewe inanasa.

Wenyeji wa mabondeni hushangaa kwa nini mji uendeshwe na picha. Waje waone ukungu. Huku juu mtu akinyoosha mkono, vidole vyake anavikisia tu. Mitambo yenye macho ililetwa mwanzoni ikatumbukia mtoni mmoja baada ya mwingine, ndipo wakaleta hii isiyo na macho kabisa, mifupi, mizito, ambayo watu waliibatiza fuko. Fuko hajui kitu ila rula na nyuzi. Kilichomo kwenye Picha, kwake kipo: atakifagia, atakipelekea maji, atakipelekea makaa. Kisichomo ni uwanda mtupu, na uwanda mtupu unalimwa, unachimbwa, unasawazishwa.

"Baba, naiona nyumba yako," Ezelina alisema. "Iko ndani ya nyuzi zake. Ukuta wa jiko ni mzima."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Hiyo naijua. Hiyo ya kwenu iko shambani kwangu, kwenye viazi. Kila asubuhi fuko wanaipelekea maji. Wanakitua kindoo chini pale ambapo mlango ungekuwepo, wanafagia, wanakwenda zao. Kipande kile cha nyasi kinatunzwa kuliko mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipokuja na fuko wenu. Sikulalamika, mwanangu. Maji yanafika, nayafuata. Ila sasa wanachimba mtaro wa bomba la kilimani, na mtaro unapita kando ya hiyo nyumba ya kwenye viazi. Kando yake ndipo ilipo nyumba yangu yenyewe. Mke wangu haoni. Nifanyeje?"

Ezelina alimwambia atashughulikia. Alikata simu, akabaki ameishika mkononi. Jambo la aibu ni kwamba, kabla ya huruma kumjia, alisikitika kwanza kuwa maongezi yameisha.

* * *

Alikuwa mpweke, na hakukuwa na haja ya kulipamba neno hilo. Alipoajiriwa, Ihanzo ulikuwa unajengwa na ofisi ilikuwa na watu wanaogombania birika. Mji ulipojaa, nyuzi zilifungwa kufuli, watu wakahamishwa, akabaki yeye wa kuzilinda zisisogee. Nyuzi zenyewe hazikuwa na nia ya kusogea. Alikuwa akitoka chumbani kwake anashuka ngazi hadi ofisini, jioni anapanda. Chakula aliletewa. Siku nyingine upepo ukigonga dirisha alijikuta amekwisha sema "karibu".

Leo alikuwa na kazi, na aliifanya kwa uchu. Alitafuta picha kongwe ya angani, iliyopigwa siku ya nadra ambayo ukungu ulipasuka, kabla fuko hawajaletwa. Ng'ambo ya mto palikuwa pori tupu, na katikati ya pori paa moja la nyasi, dogo, limeinama upande. Akaitandika picha ile juu ya Picha, akaififisha hadi mbili zikaonekana kwa pamoja.

Nyumba ya Mzee Mwaipaja ilikuwa imehamia kulia. Tena ilikuwa imeshuka chini.

Hapo akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Uzi ukikosewa, kosa lake ni la upande mmoja. Uzi wa kusimama ukisogea, vitu vinakwenda kulia au kushoto. Uzi wa kulala ukisogea, vinapanda au vinashuka. Hakuna uzi uwezao kukipeleka kitu kulia na chini kwa mkupuo mmoja. Kinachoweza ni sifuri peke yake.

Pale rula mbili zinapokutana, kwenye kona ya juu, pana kijisanduku kidogo kuliko ukucha. Hesabu zote huanzia hapo. Ukikigusa na kuvuta, sifuri inakufuata kama mbuzi wa kamba, na popote utakapoiachia, kuanzia hapo kila kipimo kitahesabiwa upya. Ukikigonga mara mbili, inarudi kwake. Ni kazi nyepesi, alimradi unajua kwamba umeivuta.

Na hilo ndilo lililotokea. Kosa hili lisingetokea Tanga. Lilihitaji baridi ya Ihanzo, ambako mafundi picha wote hufanya kazi na glavu za sufi zilizokatwa ncha, na ncha zile hufumuka, na uzi wa sufi hukwaruza kioo mahali ambapo kidole hakikukusudia kugusa. Fundi anataka kuvuta uzi wa kwanza wa kilima kipya, anavuta kona. Ezelina mwenyewe limempata si mara moja, akalirudisha papo hapo akitukana. Safari hii aliyevuta hakuona. Akapanga kilima chote, nyumba kwa nyumba, kwa ustadi mkubwa, kutoka sifuri isiyo mahali pake. Na kwa kuwa mto ulikitenga kilima na mji wote, hapakuwa na mahali pa kuona mshono.

Bwana Mbilinyi, mratibu, alitokea kwenye kioo cha ukutani akiwa na shati la mikono mifupi. Alikaa bondeni, kwenye joto, na Ezelina siku zote aliiona mikono ile mitupu kama matusi.

"Sifuri ya Kilima cha Mashariki imehama," Ezelina alimwambia.

"Imehama leo?"

"Tangu mwanzo. Kilima chote kimepimwa vibaya."

"Kuna nyumba imeanguka?"

"Hapana. Zilijengwa na fuko, na fuko walifuata Picha. Zote zinalingana na Picha isipokuwa moja, iliyojengwa kwa mikono kabla hatujafika."

"Basi kuna shida ya nyumba moja," alisema Bwana Mbilinyi, akaonekana kupumua. "Umejaribu kuisogeza?"

Alikuwa amejaribu. Alipoisogeza nyumba ile hadi pale ilipo kweli, sumaku iliivuta ikarudi kwenye viazi. Alipozima sumaku, ilikubali kukaa, ikapendeza machoni, lakini haikuwa na maana yoyote: fuko husoma nyuzi tu, na kitu kilichokaa nje ya uzi hukihesabu kwenye uzi ulio karibu. Nyuzi zenyewe hazikuguswa, zilikuwa na kufuli, kwa sababu kilima kizima kilining'inia kwenye nyuzi hizo.

"Ninaweza kuirudisha sifuri," alisema, ingawa alilijua jibu.

"Irudishe. Kesho fuko wataamka wakute kilima kizima kimekaa nje ya uzi, waanze kukisahihisha ukuta kwa ukuta, watu wamo ndani wanakunywa chai. Ndivyo unavyotaka?"

"Sitaki."

"Dada Ezelina, kosa likishakaliwa na watu si kosa tena, ni mji. Sikulaumu, wala simlaumu aliyelifanya. Wazee wawili watapata nyumba mpya mtaa wa juu, yenye sakafu ya moto. Watu wote wa kilimani wanasubiri bomba lile kabla ya kipupwe. Nenda kaongee nao."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliye huko."

Ezelina aliitafuta hila ndani ya maneno hayo asiione. Kila alilosema Bwana Mbilinyi lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkera.

* * *

Mtumishi wa Ofisi ya Picha haruhusiwi kutoka nje bila beji. Aliikuta chini kabisa ya droo, ingali kwenye nailoni yake. Aliibandika kifuani, ikasoma mapigo ya moyo wake, ikawaka kijani.

Kuvuka daraja kulimchanganya. Kilima kile alikijua kama kiganja chake, lakini alikijua kwa mapaa. Kuta hakuwahi kuziona. Kumbe kuta zina rangi, kumbe watoto wamezichora kwa mkaa, kumbe kuna madirisha na nyuma ya madirisha wamo watu. Alimpungia mkono mama mmoja aliyekuwa amesimama dirishani na kikombe. Yule mama alitazama huku na huku amjue anayepungiwa, kisha akashusha pazia. Si kwa ubaya. Ihanzo watu walikuwa wamesahau tu namna ya kupungiwa mkono.

Mwisho wa njia palikuwa na shamba la viazi, na katikati ya viazi mraba wa nyasi uliofyekwa ukafagiwa mpaka ukang'aa. Ukingoni mwake kindoo cha maji kilisubiri mlango. Ezelina aliingia katikati ya mraba, akasimama ndani ya nyumba aliyoilinda miaka yote hiyo, ukungu ukimpita usoni.

"Karibu, karibu, hapo ni sebuleni," sauti ilisema. "Ukitaka chumbani pita hapo kwenye panzi."

Mzee Mwaipaja alikuwa mrefu, mwembamba, amejifunga blanketi juu ya koti. Walisalimiana. Akachukua kindoo chake, akakataa kusaidiwa, akatangulia.

Nyumba ya kweli ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, nyuma ya mianzi. Ilikuwa ya mianzi iliyosiribwa udongo, na udongo ule ulikuwa umeng'arishwa kwa mikono hadi kimo cha kiuno, mstari mmoja mweusi laini unaozunguka nyumba nzima. Upande wa jiko mstari ule ulikatika ghafla. Baada yake hapakuwa na kitu, ila ukungu na sauti ya mtambo uliokuwa ukichimba mbali, chini ya kilima.

Mama mmoja mnene alikuja kutoka ndani, mgongo wa mkono wake ukiteleza juu ya mstari ule mweusi. Alitembea upesi, bila kusita, kama msichana. Alipofika kwenye mkato mkono wake ulitumbukia hewani, mwili mzima ukashtuka, akasimama.

"Hapa ninaanguka," alisema. "Kila siku nasahau, kila siku naanguka. Nani huyo uliyekuja naye, Baba Gwantwa?"

"Binti wa Picha."

"Shikamoo, mama," alisema Ezelina.

"Marahaba, mwanangu. Una baridi, nasikia meno. Kaa hapo kwenye kigoda."

Waliketi wakala viazi vya kuchemsha na chumvi. Ezelina alikuwa hajala na mtu kwa muda mrefu hata akajikuta anatafuna kwa haya. Kisha alijikaza kisabuni, akatoa yale aliyotumwa. Nyumba mpya. Mtaa wa juu. Sakafu yenye moto chini yake, bomba ndani, majirani ukuta kwa ukuta. Aliyasema vizuri, na alipokuwa akiyasema aliyaamini, kwa maana nyumba zile zilikuwa nzuri kweli na wazee hawa walikuwa wakikohoa kwenye moshi.

Mama Gwantwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sioni tangu mwanangu alipokuwa anaota meno," alisema. "Sasa mwanangu ana wajukuu huko aliko. Nikiamka hapa, ukuta unanishika kitandani, unanipeleka mlangoni, unanileta kwenye moto. Simwombi mtu. Huko kwenu nitakalishwa kwenye kiti kizuri, nisubiri kushikwa mkono. Mwenzangu yupo wa kunishika, sawa. Lakini msikie kifua chake. Akitangulia, nitabaki kwenye kiti kile, fuko ananiletea maji, na mimi sijui hata yako wapi. Naogopa, mwanangu. Sina lingine, naogopa."

Mzee Mwaipaja aliangalia moto.

Ezelina alijua habari za kukaa mahali ulipowekwa na kuletewa maji. Alizijua kuliko alivyopenda.

"Majuzi nilimzuia yule mnyama," Mzee alisema baadaye. "Nilisimama mbele yake. Akifika karibu na mtu, anasimama. Nikasema, basi, leo tutaona. Tukatazamana tangu asubuhi, kama mtu anatazamana na mashine. Ana subira, usicheze. Mchana mkojo ukanibana. Nakwenda nyuma ya mianzi, narudi, ukuta hakuna."

Alianza kucheka, mkewe akacheka, na Ezelina naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baada ya kicheko machozi yakaendelea kidogo, akayafuta kwa glavu.

Hapo ardhi ilianza kutetemeka.

Fuko alitokea kwenye ukungu mahali pale pale ukuta ulipokatwa, kimo cha ng'ombe aliyelala, kifua chake pipa la visu linalozunguka. Nyuma yake mtaro ulikuja umenyooka vilevile. Mzee aliinuka akamshika mkewe bega amvute nyuma. "Toka hapo, binti!" alipiga kelele. "Toka!"

Ezelina hakutoka. Isidhaniwe ni ushujaa, miguu ilikataa. Alisimama kwenye mkato, mgongo ukigusa ule mstari mweusi, akafumba macho. Aliusikia upepo wa visu usoni. Kisha beji kifuani ikalia mlio mdogo, kama kifaranga, na upepo ukakoma.

Alipofumbua macho, fuko alikuwa anarudi kinyumenyume. Alirudi mpaka ukungu ukammeza. Wakamsikia anageuka, anahama, anaingia uzi wa pili, ng'ambo ya mianzi. Akaanza kuchimba upya huko.

"Umemwambia nini?" Mzee aliuliza.

"Sijamwambia kitu. Nimesimama tu."

Lakini alikuwa amekwisha elewa, na aliwaeleza polepole, kwa kuwa alikuwa anajieleza na yeye. Mtu wa kawaida, fuko humsubiri apite. Mwenye beji hasubiriwi. Huyo ni fundi, yuko kazini, huenda atakaa hapo wiki nzima anarekebisha kitu. Kwa hiyo fuko hupewa amri ya kumwachia uzi wote na kushika mwingine. Katika Ihanzo yote, mwenye beji ndiye kitu pekee ambacho hakivutwi na sumaku. Popote aliposimama, ndipo alipo.

"Tupe hiyo beji basi," Mzee alisema, akacheka kidogo kuonyesha kwamba hakutarajia.

"Inasoma moyo wangu. Nikiivua inalala."

Alitaka kujua mpaka wa nguvu ya beji. Alitoka nje, akapita mianzi, akaingia kwenye viazi. Hakufika mbali. Sauti ya kuchimba ilinyamaza. Kisha ikasikika ikigeuka, ikirudi kwenye uzi wake wa zamani, haina hasira wala haraka, inakuja tu. Ezelina alikimbia. Alijikwaa kwenye tuta, akaangukia magoti, akainuka, akaingia jikoni akihema na kuegemea ukuta kwa viganja vyote viwili. Nje kukawa kimya, halafu uchimbaji ukahamia tena ng'ambo.

* * *

Bwana Mbilinyi aliongea kupitia beji, sauti yake ikitoka kwenye kifua cha Ezelina kama pepo.

"Mtaro umehama uzi. Umerudi nyuma mpaka chini ya kilima. Uko wapi?"

"Kwa Mzee Mwaipaja, jikoni."

"Wamekubali kuhama?"

"Hapana."

"Basi ondoka hapo, fuko amalize. Watu wanataka maji."

"Watayapata, Bwana Mbilinyi. Uzi huu mwingine nao unafika juu. Watachelewa kidogo, wataendelea kuteka mtoni. Naomba umwajiri Mzee, umpe beji yake."

"Mzee wa kikohozi hicho ninachokisikia? Unajua kabisa haiwezekani."

Alijua. Alijua pia kwamba bomba likishafika, mambo hayataishia hapo. Fuko watakuja kufagia, watakuja kusawazisha, watakuja kung'oa kilicho nje ya uzi, mwaka huu na mwaka ujao. Ukuta huu ungedumu kadiri mtu mwenye beji anavyokaa nyuma yake. Siyo kusimama siku moja na kupigiwa makofi. Kukaa. Asiende hata kwenye viazi.

Na je, ilikuwa haki? Wale wa kilimani nao wana watoto, nao wana baridi, na hakuna aliyewauliza kama wako radhi kuchelewa kwa ajili ya ukuta wa udongo. Akajiuliza lingine baya zaidi: anawaokoa wazee hawa, au anakitoroka chumba chake? Alilitafuta jibu safi, hakulipata. Pengine yote mawili. Aliona bora aseme hivyo moyoni kuliko kujidanganya.

"Dada Ezelina, nitaikata hiyo beji."

"Beji haikatwi mpaka mwingine akalie kiti."

"Nitampata wa kukikalia."

"Mtafute."

Wote wawili walijua kiti kile kimetangazwa mara ngapi, na jinsi watu walivyofika, wakautazama ukungu dirishani, wakapanda gari na kurudi bondeni.

"Ukitoka hapo hata kidogo, watapita," Bwana Mbilinyi alisema mwishowe, na sasa hakuwa anatisha, alikuwa anamwonea huruma. "Umefikiria? Si wiki. Wale wazee wanaweza kuishi miaka. Utakaa jikoni kwa watu usiowajua, ukichungulia mlangoni? Wewe bado mtu mzima mwenye nguvu zako."

"Nimefikiria."

"Na ofisi?"

"Nyuzi zimefungwa kufuli. Hazinihitaji."

Beji ilinyamaza. Ezelina alikaa kwenye kigoda, pale pale ukuta ulipokatika, magoti yakimuuma, matope yakimkauka kwenye sketi. Sasa ndipo woga ulipompata sawasawa. Aliona kipupwe kinakuja, aliona moshi, aliona maisha yake yamefungwa kwenye nafasi ya kigoda kimoja, na alitamani kulia. Hawa hawakuwa ndugu zake. Hata jina la kwanza la Mzee hakulijua. Wangemchoka. Mgeni wa kudumu huchosha.

Mzee alikuwa ametoka kutafuta kuni. Mama Gwantwa aliinuka kwenye mkeka, akaanza safari yake ya jioni kwenda kwenye moto, mgongo wa mkono ukiteleza juu ya ukuta, upesi, bila kusita. Alikuwa anaelekea kwenye mkato. Ezelina aliona kwamba kigoda chake kiko njiani kabisa, akaanza kusimama ampishe.

Mkono ulifika mwisho wa udongo. Safari hii haukutumbukia hewani. Uligonga bega la Ezelina, ukatulia hapo. Ukampapasa shingo, sikio, kilemba, ukarudi begani ukapima upana wake, polepole, kama mtu anayekagua kitu kipya kilicholetwa nyumbani.

"Samahani, mama, nasogea," alisema Ezelina.

"Unakwenda wapi?" Mama Gwantwa alimkandamiza chini kwa uzito wake wote. "Kaa hapo hapo. Nimeshakuweka kichwani. Ukisogea, nitaanguka."

Akamshika bega kwa nguvu, akavuka, akaukuta moto.